Spika za zamani, vikompyuta vitatu, na kwa nini sinunui spika za "kisasa"

Nyumbani kwetu spika hazijawahi kuwa shida. Sebuleni kuna sabufa ya Kariakoo, ile yenye taa zinazowakawaka hata ukiwa unasikiliza taarifa ya habari ya msiba, jikoni kuna redio kaseti ya mama ambayo kaseti ilishagoma siku nyingi lakini tundu la kuingiza sauti bado linakubali, na barazani kuna maboksi mawili na amplifaya nilivyoachiwa na mjomba alipohama. Shida ni kwamba kila moja inaimba lake. Mama anapenda taarabu yake imfuate kutoka jikoni mpaka barazani bila kukatika, na mimi nimechoka kubeba kispika cha blututhi kama mtoto mchanga.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kijinga, simu mbili, redio moja ya mtandaoni, nikabonyeza zote kwa pamoja. Ukisimama ukumbini kati ya jikoni na sebule unasikia kila neno mara mbili, kama misikiti miwili ya mtaa mmoja ikiadhini kwa kupishana kidogo. Mama akaniuliza, "Mwanangu, huyu mwimbaji ana mwangwi au ndo masikio yangu?" Nikazima.

Hapo ndo nikaanza kuelewa kwamba muziki wa nyumba nzima hesabu yake ni ya saa, sauti nzuri inakuja baadaye. Kila kifaa kina saa yake ndani na hakuna mbili zinazokwenda sawa kabisa. Zikipishana sehemu 50 tu kwa milioni, ambayo kwa vifaa vya bei rahisi ni jambo la kawaida, kila dakika zinaachana milisekunde 3, na baada ya saa nzima ni milisekunde 180, mwangwi kamili huo. Kwa hiyo hata ukiwa hodari wa kubonyeza pamoja, usijisumbue, zitaachana tu.

Dawa niliyotumia mimi ni Snapcast, programu ya bure. Kila spika nimeichomekea Raspberry Pi, yaani kikompyuta kidogo cha bodi moja, na moja inakuwa mama mkuu, inagawa muziki vipande vipande na kila kipande kimepigwa muhuri wa muda wake wa kuchezwa, zile nyingine zinapokea, zinalinganisha saa zao na ya mama mkuu kila mara, halafu kama moja inakimbia au inachelewa inaongeza au kupunguza chembe ya sauti ndogo sana usiyoweza kuisikia. Wenyewe wanasema kwa kawaida tofauti haifiki milisekunde 0.2. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, maana yake kusogea mita moja tu kutoka kwenye spika kunakuchelewesha karibu milisekunde 3, kwa hiyo hiyo 0.2 ni kitu cha kusahau.

Ila jua inaweka akiba ya kama sekunde moja kabla ya kucheza. Kwa muziki poa. Kwa mpira kwenye TV usithubutu, jirani atashangilia, picha itaonyesha goli, halafu spika ndo zinakuja na mtangazaji anapaza sauti mpira ulishawekwa katikati.

Sasa kuna watu wananiambia si ununue tu Sonos, zile spika za waifai za nyumba nzima, uachane na mateso. Bei kwanza tuiweke pembeni. Hao jamaa mwaka 2020 walitangaza kwamba vifaa vyao vya zamani havitapata tena masasisho, watu wakawaka, halafu Mei 2024 wakatoa programu mpya ya simu iliyovuruga mambo mpaka bosi wao Patrick Spence akaomba radhi, na Januari 2025 akaondoka. Spika zenyewe hazikuwa na kosa lolote! Linganisha na Squeezebox za Logitech, vicheza muziki vya mtandao, zilisitishwa 2012, ila kwa kuwa msimbo wa programu ya seva yake ulikuwa wazi kwa yeyote kuuchukua, watu wakaendelea nayo wenyewe, leo inaitwa Lyrion na inacheza mpaka kwenye Raspberry Pi. Mimi hapo ndo msimamo wangu ulipo, sabufa ikiharibika naipeleka kwa fundi anabadilisha kapasita, siwezi kumpelekea fundi spika iliyokataliwa na ofisi iliyoko California.

Haya, mateso yapo, sitadanganya. Waifai ndo ilinitesa wiki mbili, muziki wa jikoni unakatika kila baada ya dakika chache na mimi nalaumu ukuta. Kumbe Raspberry Pi ina tabia ya kuilaza waifai ili kubana umeme, ukiizimia hiyo tabia unapumzika. Lakini ushauri wangu wa kweli, pale unapoweza vuta waya, wa barazani nimeupitisha darini na tangu siku ile sijaugusa. Jikoni nimeweka Raspberry Pi ya aina ya Zero 2 W kwa sababu ni ndogo inajificha nyuma ya redio, ila haina tundu la hedifoni kwa hiyo inataka kadi ya sauti ya USB. Barazani ni Pi 3, tundu inalo lakini linatoa sauti ya "shhhh" wimbo ukinyamaza, nalo nikaliwekea kadi. Na chaja ya simu ya barabarani achana nayo, Pi 3 inataka volti 5.1 na ampea 2.5 za kweli, ikipungukiwa inaanza vituko ambavyo utadhani ni programu.

Adui mkubwa kwetu ni umeme. Ukikatika ghafla wakati inaandika kitu, memori kadi inakufa, nimezika mbili. Nenda kwenye raspi-config, menyu ya mipangilio ya Raspberry Pi, uwashe ile overlay, kadi inabaki ya kusomwa tu na kila kinachoandikwa kinaishia kwenye ramu, umeme ukate mara kumi kwa siku inaamka kama ilivyolala. Nyimbo zenyewe nimeziweka kwenye flashi iliyochomekwa kwa mama mkuu, hata bando likiisha taarabu inaendelea.

Mama simu hataki kuigusa, anaongeza sauti kwa kuzungusha kitufe cha redio yake kama zamani na mimi sioni haja ya kumfundisha. Sasa hivi anadai na uani, anapofulia. Boksi la plastiki la kuzuia mvua nimeshapata, sisimizi ndo sijui nitawazuiaje.