Mtengeneza mifumo si fundi wa printa

Alfajiri ya Jumamosi nilimsindikiza mdogo wangu, binti wa mama mdogo, mpaka stendi ya Nyegezi. Begi moja, laptopu mgongoni, tiketi ya Dar. Kabla hajapanda akaniambia, "Kaka, miezi kumi na minne nimekaa pale, sijamaliza hata programu moja." Wiki nzima maneno hayo hayajanitoka.

Mkataba wake ulisema mtengeneza programu. Kampuni inauza vifaa vya ujenzi, hapa hapa Mwanza, ina maduka matatu na stoo kubwa, jina siliandiki. Wiki ya kwanza alipewa printa ya uhasibu iliyokwama karatasi. Wiki ya pili kamera za getini. Kisha vipeperushi vya sikukuu, ukurasa wa Instagram, na simu ya mke wa bosi iliyosahauliwa nywila. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ikigoma, anaitwa yeye. Alikuwa "mtu wa IT", na huku mikoani mtu wa IT hukabidhiwa kila kitu chenye waya.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwepo, na ilikuwa kubwa. Nondo. Kampuni inanunua nondo kwa tani na kuuza kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani moja ni vipande 93 au 94. Mfumo walionunua Dar uliandikwa hivyo: ingiza tani, upate 94. Lakini mtunza stoo, mzee aliyekaa na nondo miaka ishirini, anajua kuna mzigo unaokuja mwembamba kidogo, tani ikatoa 97 au 98. Basi kila mwisho wa mwezi mfumo na stoo havilingani, na kila mwezi wanatafuta mwizi. Kijana mmoja wa stoo alishafukuzwa kwa sababu hiyo.

Mdogo wangu aliligundua hilo kwa kukaa kwenye gogo mlangoni pa stoo siku mbili, akihesabu pamoja na mzee. Hakugusa kompyuta. Alikuwa anauliza: mzigo ukishuka nani anahesabu? Vipande vilivyokatwa vinaandikwa wapi? Mteja akirudisha nondo tano, zinaingia kwa bei ipi? Bosi akapita, akamkuta amekaa, akamuuliza kama hana kazi. Siku hiyo hiyo akapelekwa kufunga kamera tawi la Igoma.

Ndugu zangu mnaotuajiri, pale kwenye gogo alikuwa kazini! Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kuandika msimbo, yaani maelekezo ambayo kompyuta inayafuata, kunakuja baadaye, tena ni muda mfupi. Kabla yake ni kusikiliza watu wanaojua biashara yako kuliko wewe, na kugeuza wanachokijua kiwe kanuni ambayo mashine inaweza kuifuata bila kumsingizia mtu wizi. Baada yake ni kujaribu, kutafuta hitilafu, kurekebisha, kuandika maelezo ili atakayekuja asianze upya. Ukimkatiza mtu mara sita kwa siku kwa ajili ya wino wa printa, hawezi kushika uzi wa mambo hayo kichwani. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, nalijua hilo mwilini.

Bosi atasema hana mishahara miwili. Sawa, nakubali, biashara ya mkoani haibebi idara nzima. Lakini fundi wa printa analipwa kwa kutwa na anapatikana kila mtaa. Mpe mtengeneza mifumo siku tatu kwa wiki asiitwe na mtu.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu vijana hawa tunao. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, Mbeya kuna MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Wanasomea mikoani, kisha wanapanda basi. Makao makuu ya mabenki na kampuni za simu yako Dar. Dodoma kuna Serikali na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na tangazo moja la Afisa TEHAMA linagombewa na umati. Wenye ujasiri zaidi wanatazama Nairobi, mji ulioizaa M-Pesa mwaka 2007, ambako Microsoft ilifungua kituo cha watengeneza programu 2019 na Google ikatangaza chake 2022. Kisingizio cha intaneti kimekwisha siku nyingi: mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulitua pwani yetu 2009, na Mkongo wa Taifa umefika mpaka huku ziwani.

Dar ina kitu kimoja ambacho sisi hatuna, nalo siwezi kulikataa: mtu wa kukagua kazi yako. Huku unaandika peke yako, unakosea peke yako. Kufanyia kazi kampuni za Ulaya ukiwa Nyakato kunawezekana, ila mara nyingi wanataka aliyekwisha iva. Na hizi programu mpya zinazoandika msimbo zenyewe, zitaandika 94 vizuri kabisa, kwa sababu hazijawahi kukaa kwenye gogo la stoo.

Jana nilipita pale kununua misumari. Mzee alikuwa anashusha mzigo, akaniuliza kama yule binti atarudi. Tani tatu za milimita 12. Kompyuta ya kaunta ilisema 282. Yeye alikuwa amehesabu 291, amezungushia duara kwenye daftari, na chini yake ameandika tarehe na jina lake kamili, ili mwisho wa mwezi asiulizwe.