Zaka, jumuiya na haki ya kuzikwa Kikristo

Mkatoliki yeyote wa Tanzania aliyewahi kufiwa analijua swali linaloulizwa mapema sana msibani, pengine hata jeneza halijanunuliwa: "Marehemu alikuwa anasali jumuiya gani?", yaani kikundi kipi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja. Jibu likiwa "hakuwa nayo", au kadi yake ya zaka ikionekana tupu, familia huanza kuhangaika. Kuna parokia ambako padri hatakuja kabisa. Kwingine atatumwa katekista aongoze sala fupi kaburini, bila Misa.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito, na mimi kama mwanajumuiya nazielewa. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa ukanda wetu, waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo mbele katika uchungaji wao miaka ya 1970, wakitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Padri mwenye waamini maelfu hawezi kumjua kila mmoja. Wanaomjua ni majirani wanaosoma naye Injili nyumba kwa nyumba. Sasa mwenyekiti wa jumuiya akiombwa barua ya kumtambulisha mtu asiyemfahamu, aandike nini? Adanganye? Tena wapo wenye uwezo ambao miaka yote jumuiya ilipobisha hodi geti halikufunguliwa, ilhali mjane anayeuza vitumbua alitoa zaka yake kila mwezi. Msiba ukitokea, mjane huyohuyo ndiye anayetegemewa kuimba, kupika na kukesha. Akinung'unika, ana haki. Hata Sheria ya Kanisa, kanuni ya 222, inawadai waamini kuchangia mahitaji ya Kanisa.

Lakini Sheria hiyohiyo ya mwaka 1983, ikifika kwenye mazishi, inasema wazi nani ananyimwa. Kanuni ya 1184 inawataja walioasi imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa kwa namna inayojulikana na watu. Waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani. Na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini hadharani. Hata hao, kama walionyesha dalili ya kutubu kabla ya kufa, hawanyimwi. Kukosa jumuiya hakumo humo. Deni la zaka halimo. Kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi, inaagiza maskini wasikoseshwe mazishi wanayostahili. Na penye shaka, mwenye kuulizwa ni askofu au makamu wake, si kamati ya jumuiya. Kumwita "mdhambi wa wazi" mtu ambaye kosa lake ni kutoonekana jumuiyani Jumamosi ni kuivuta kanuni ifike isikofika.

Nimeshuhudia katibu akifungua daftari la mahudhurio uani kwa wafiwa, akipitisha kidole jina kwa jina. Binti wa marehemu alisimama mbele yake, kanga begani, akieleza kwamba baba yake alikuwa mlinzi wa usiku na jumuiya ilianza saa ambayo yeye ndiyo kwanza anatoka lindoni. Katika daftari kulikuwa na vyema na sifuri tu. Maelezo yale hayakuwa na pa kuandikwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watetezi. Daftari halimtofautishi aliyekataa na aliyeshindwa: dada wa kazi asiyeruhusiwa kutoka, dereva wa masafa, mgonjwa wa akili aliyefungiwa chumbani na ndugu zake. Tunahubiri kwamba uhai ni mtakatifu tangu kutungwa mimba hadi kifo cha kawaida, na kuzika wafu tunakuhesabu kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili. Tobiti wa kwenye Biblia alihatarisha maisha yake kule Ninawi akizika maiti za watu wa taifa lake, na hatusomi kwamba aliwachunguza kwanza. Isitoshe, adhabu yenyewe haimfikii marehemu. Inawaangukia mke na watoto, na wengine kati yao huondoka Kanisani moja kwa moja.

Kudai watu washiriki ni sawa kabisa, ila wadaiwe wangali hai. Mtu akikosa mara tatu mfululizo, wanajumuiya wawili wamwendee wiki hiyohiyo, bila bahasha ya mchango mkononi, wakamuulize kulikoni. Kama ni kazi, jumuiya itafute hata siku nyingine ya kusali naye. Kama ni ugonjwa, paroko aambiwe mapema ampelekee Mpako wa Wagonjwa. Na akisema mwenyewe kwamba hataki, hilo nalo paroko alijue angali anaweza kwenda kuzungumza naye.