"Nimemwachia Mungu" na mifuko 35 ya saruji

Kwenye kwaya yetu mimi naimba besi. Kushoto kwangu husimama jamaa mmoja, naye besi, na kwa mwaka na ushee tulikuwa tunashika karatasi moja ya nota huku namchukia kwa moyo wangu wote.

Chanzo kilikuwa saruji. Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi. Jamaa alikuwa anajenga, akaja jioni moja akanivuta pembeni: "Kaka, nisaidie mifuko thelathini na tano, mwisho wa mwezi nakumalizia." Mtu wa kanisani, tena besi mwenzangu, ningekataaje? Nikaandika kwenye daftari 542,500, kirikuu ikapiga tripu tatu, kazi ikaisha. Mwisho wa mwezi ukafika, ukapita. Wa pili ukapita. Simu akawa anapokea na kuniambia yuko kikaoni, baadaye akaacha kupokea kabisa. Mazoezini anakuja kama kawaida. "Bwana asifiwe." Namjibu, "Amina." Tunaimba. Kilichonimaliza ni siku nilipopita kwake nikakuta nyumba imeezekwa kwa bati za msauzi, zile za kisasa.

Walioniuliza niliwapa jibu la kiroho: nimemwachia Mungu.

Jibu hili nalijua kwa ndani, ndiyo maana sasa nikilisikia kwa mtu namtazama mara mbili. Tunalitamka kwa upole, macho chini, na msikilizaji anatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa namaanisha hivi: nakaa hapa pembeni nikisubiri biashara yake idode, bati zile zing'olewe na upepo, halafu niseme Mungu si Athumani. Hapo sikuwa nimemwachia Mungu chochote. Nilikuwa nimemfanya dalali wa mahakama, nimemkabidhi hati na kumwonyesha nyumba ya kukamata mali.

Maneno yenyewe tunayatoa Warumi 12:19, "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Tunafunga Biblia hapo. Mstari unaofuata, wa 20, unasema adui yako akiwa na njaa, mlishe. Akiwa na kiu, mnyweshe. Kumwachia Mungu kwa Paulo kunakuja na sahani ya chakula mkononi. Mimi hata maji ya kunywa mazoezini nilikuwa namruka jamaa, nampa wa tatu.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye namna tulivyolelewa kanisani. Tumefundishwa kwamba aliyeokoka hakasiriki, basi hasira zikija tunazivalisha joho. Nitatoa ushuhuda wa aibu. Asubuhi moja, saa kumi na moja, niliweka kwenye status ya WhatsApp: "Waandaa meza mbele yangu, machoni pa watesi wangu." Watu wakanijibu amina nyingi. Mimi nilikuwa nafungua kila baada ya dakika tano kuangalia kama yeye ameshaiona. Zaburi ya 23, ya mchungaji na majani mabichi, nimeigeuza kijembe cha kanga.

Biblia yenyewe haina haya hizo. Marko 3:5 inasema wazi kwamba Yesu aliwakazia macho pande zote kwa hasira, huku akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Yona alimwambia Mungu usoni kwamba anatenda vema kukasirika hata kufa, tena kwa ajili ya mtango ulionyauka. Na Zaburi ya 109 ndiyo usiseme. Humo mtu anaomba watoto wa adui yake wawe yatima na mke wake awe mjane. Zamani iliniudhi, nikajiuliza inafanya nini kwenye Kitabu Kitakatifu. Siku hizi naona yule bwana alikuwa mkweli kuniliko. Hasira yake aliipeleka kwa Mungu ikiwa na jina lake halisi, akaimwaga yote pale, wala hakuipeleka kwa mtu wa tatu ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya zawadi.

Paulo naye kwa Waefeso, 4:26, anaandika "Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka." Mwanzo wa maneno hayo unatoka Zaburi ya 4, na kule zaburi inaendelea: "Tafakarini vitandani mwenu na kutulia." Kitandani mimi nilikuwa natafakari kweli. Nilikuwa natunga hotuba. Kila usiku namsimamisha jamaa mbele ya kwaya nzima, namuumbua kwa hoja tatu, sauti ya kwanza na ya pili zinalia. Kutulia ndiko kulikokosekana.

Na hilo jua. Huku kwetu karibu na Ikweta halina ubembelezi. Likianza kushuka jioni, mara limeshazama. Nikahesabu, yamezama zaidi ya majua 400 juu ya mifuko ile. Sidhani Paulo alikuwa anaweka sheria ya dakika, maana kuna mambo hayaishi kwa siku moja. Ila nimejionea kwa nini ana haraka. Waswahili tunasema hasira za mkizi, furaha ya mvuvi, tukimsema yule anayeruka ghafla na kuangukia ndani ya mtumbwi. Yangu haikuwa ya mkizi. Ilikuwa imetulia chini, inakula na kunenepa. Miezi ya kwanza nilimkasirikia kwa ajili ya saruji. Kufika mwezi wa nane nilikuwa nachukia anavyosafisha koo kabla ya wimbo. Nikachukia viatu vyake. Siku mtoto wake alipokosea kusoma somo la Jumapili, nilisikia raha fulani tumboni, na hiyo ndiyo ilinishtua. Mtoto wa miaka tisa ana deni gani na mimi?

Sasa Sala ya Bwana. Wakatoliki wanasema "makosa yetu", wamepona. Sisi tunasali kwa maneno ya Mathayo 6:12: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Kila Jumapili, bega kwa bega na mdeni wangu! Nilianza kuruka maneno hayo, nafumba mdomo kama mtu anayemeza mate, kisha naungana na wenzangu kwenye "usitutie majaribuni".

Mfano wa Mathayo 18, wa yule mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 kisha akamkaba mwenzake kwa dinari 100, nimeusikia ukihubiriwa mara nyingi, na karibu kila mhubiri huzicheka zile dinari 100 kama vijisenti. Hapo nabishana nao. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, tunaiona Mathayo 20. Dinari 100 ni siku 100 za jasho. Mpe saidia fundi wa leo elfu kumi na tano kwa siku, inakuja milioni moja na nusu. Si vijisenti hizo, zinazidi saruji yangu karibu mara tatu! Ni kweli talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, hivyo deni lile la kwanza ni siku milioni 60 za kazi, hakuna ukoo unaoweza kulilipa. Lakini Yesu hakusema mwenye kudai dinari 100 hakudhulumiwa. Hilo lilinipa nafuu kuliko mahubiri yote ya "samehe tu, ni vitu vya dunia". Kumbe naweza kukiri kwamba nimeumizwa, kwa tarakimu, na bado nikaambiwa niondoe mkono kooni mwa mtu.

Sura hiyohiyo, mstari wa 15, inasema ndugu yako akikukosa, nenda ukamwonye, "wewe na yeye peke yenu". Nikajikagua. Nilikuwa nimemwambia mke wangu, waimbaji wote wa tenor, mwenyekiti wa kwaya, na bodaboda wa pale dukani. Aliyebaki hajaambiwa ni mwenyewe.

Nilipoaga, mke wangu akasema, "Baba watoto, nenda. Ila daftari liache."

Nilimkuta barazani anawarushia kuku pumba. Aliponiona akasimama kama mtu aliyekutwa na askari. Hotuba yangu ya hoja tatu ikayeyuka. Nikasema, "Ndugu yangu, nimekukasirikia mwaka mzima, na nimekusema kwa watu." Akanyamaza muda mrefu, kuku wakaanza kumpanda miguuni. Kisha akaeleza: mama yake alikuwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na bati alinunuliwa na mdogo wake. Mengine aliyoniambia sikuyaamini, na hata leo siyaamini yote. Mkewe akaleta chai, akaiweka bila kuniangalia. Baadaye nikajua maneno yangu yalishamfikia kwenye umoja wa wanawake, na kwa miezi mitatu alikuwa hahudhurii kwa aibu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Yapo maneno mengine ya Mathayo, ya kuacha sadaka mbele ya madhabahu ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako. Juu yako wewe. Nilikwenda kudai, nikatoka nadaiwa. Nikamwomba mama yule radhi palepale, akaitikia kwa kichwa tu.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja, maana najua andiko kama hili linavyoweza kutumiwa vibaya. Mwanamke anayepigwa nyumbani nisimsikie mtu anamwambia jua lisichwe, amsamehe mumewe, arudi chumbani. Huyo apelekwe dawati la jinsia polisi, na apelekwe na sisi wa kanisani. Hasira yake ina kazi ya kufanya.

Siku ile nilipewa elfu sitini. Mpaka leo amefikisha 210,000, zinakuja kidogo kidogo, nyingine kwa simu usiku bila ujumbe. Zinabaki 332,500 na bado nazitaka. Kuna atakayenikumbusha kwamba mfalme wa kwenye mfano alifuta deni lote. Najua. Mimi sijafika huko, na Mungu najua ameliona daftari. Zipo jioni ambazo uchungu unarudi, hasa kodi ya fremu ikikaribia. Nikisikia unapanda natoka nje ya duka, nausema kwa sauti, nausali vilevile ulivyo, na mara mojamoja nampigia yeye mwenyewe kumwuliza hali ya mama.

Jumapili iliyopita tulisimama tena bega kwa bega. Tulipofika "wadeni wetu", nikasikia kiwiko kinanigusa mbavuni. Sikumwangalia, nikaogopa tungecheka katikati ya sala.