Msibani walisema ni figo

Jumatano ya wiki juzi tulimzika mjomba. Pale kwenye turubai kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa maneno yaleyale: "Figo zilimsumbua muda mrefu." Nami nikawa naitikia kwa kichwa, mpaka binamu yangu aliyekuwa naye usiku ule aliponieleza. Mzee alikaa kitako kitandani kwa sababu akilala hewa inakata. Jasho jembamba, pumzi fupifupi, mkono kifuani. Kisha akanyamaza.

Ule ulikuwa moyo. Tangu siku hiyo sijatulia.

Mjomba alikuwa akisafishwa damu kwa mashine Jumanne na Ijumaa. Wenye mgonjwa wa mashine mnazijua siku hizo: Jumamosi ni mwepesi, anauliza matokeo ya mpira, ikifika Jumatatu viatu havimwingii. Alikuwa na daftari la shule alimoandika uzito wake kila asubuhi kwa kalamu ya bluu. Nililifungua baada ya mazishi. Ijumaa baada ya mashine, kilo 61.2. Jumamosi 62. Jumapili 63.1. Jumatatu 64.4, mwandiko umelegea. Hizo kilo tatu na kitu ni maji, na mzigo wake wote unabebwa na moyo ambao kuta zake zimeshakuwa nene kwa presha ya miaka mingi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata kwa wanaosafishwa mara 3 kwa wiki, vifo na kulazwa kwa ajili ya moyo hupanda baada ya lile pengo la siku 2 bila mashine. Mjomba alisafishwa mara 2, maana pesa ilifika hapo. Alifariki Jumatatu usiku, saa chache kabla ya zamu yake.

Lakini kinachoniuma zaidi ni miaka ya kabla ya mashine. Alihudhuria kliniki ya presha bila kukosa. Alipimwa presha, akapewa dawa, akarudi nyumbani. Mkojo haukuguswa, mpaka siku alipovimba uso. Hapo ndipo yakaanza mahubiri ya figo: punguza chumvi, usije ukaishia kwenye mashine. Kila mtu alimtishia mashine. Moyo haukutajwa na yeyote, na mimi niliyekuwa nikimsindikiza sikujua kuuliza.

Wakati jambo lenyewe linajulikana siku nyingi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa watu wazima zaidi ya milioni 1 huko California: kadiri figo zilivyozidi kuchoka, ndivyo mshtuko wa moyo, kiharusi na moyo kushindwa kazi vilivyoongezeka. Waliofikia kiwango cha kati, yaani 30 hadi 44 kwenye kipimo cha uwezo wa figo kuchuja damu, ambao wengi wao bado hawahisi chochote, hatari yao ilikuwa karibu mara 2 ya wenye figo nzima. Wengi wenye figo dhaifu moyo huwaua kabla hata hawajaiona hiyo mashine tunayowatishia! Protini ikivuja kwenye mkojo, ujue mishipa inaumia, na si ya figo peke yake. Fosfeti, madini yanayotoka kwenye chakula, ikishindwa kutolewa na figo, chokaa inajijenga kwenye mishipa ya damu mpaka inakakamaa. Damu ikipungua, moyo unalazimika kukimbia kufidia.

Na kuchelewa kuna bei. Utafiti uliotoka 2011, wenye wagonjwa wa figo zaidi ya 9,000, ulionyesha kwamba dawa za kushusha lehemu hupunguza mishtuko ya moyo na viharusi vya mishipa kuziba. Lakini zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari ambao tayari wako kwenye mashine, matokeo yake 2005, faida ya wazi haikuonekana. Mlango ulikuwa wazi miaka ile mjomba alipokuwa anapanga foleni na kadi yake mkononi.

Goti nalo lilimuuma, na maduka ya dawa ya mtaani yakamuuzia diklofenaki miaka yote hiyo. Inaumiza figo, inaumiza na moyo.

Nakubali, wahudumu ni wachache na foleni ile naifahamu. Nakubali pia kwamba nchi imepiga hatua. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na nilifurahi kama wengine. Ila kijiti cha kupimia mkojo hakihitaji chumba cha upasuaji. Mgonjwa wa presha apimwe mkojo na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na mgonjwa wa figo apimwe moyo, hata kama hajalalamika.

Mama yangu ni dada yake mjomba, naye ana presha. Jumatatu nilimpeleka, nikaomba mwenyewe mkojo upimwe. Muuguzi alichovya kijiti, tukasubiri, kile kipande cha njano kikageuka kijani, dalili ya protini, mbele ya macho yetu. Mama akaniuliza, "Sasa hiyo ndiyo nini, mwanangu?" Ameandikiwa kreatinini na eko, yaani picha ya moyo. Majibu ni Alhamisi.