Trafalgar ya Turner: saa zilizochanganywa na moshi uliosahauliwa

Shitaka ni la miaka 200 hivi na limejengwa vizuri. Mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alipomaliza picha ya vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1824, kazi pekee aliyoagizwa na mfalme maishani mwake, mabaharia wa kivita waliitazama katika kasri la St James's wakaikataa. Hardy, aliyekuwa nahodha wa Victory, meli ya amiri wa Waingereza Nelson, siku ya vita, anatajwa kusema kwamba meli zile zinafanana na nyumba za mtaani kuliko manowari.

Ushahidi kwamba saa za vita zimechanganywa upo wazi kwenye turubai lenyewe, la mita 2.6 kwa 3.7. Kwenye mlingoti mkuu wa Victory zinapepea bendera za ujumbe wa Nelson kwa meli zake, ulioanza kupandishwa kabla ya saa sita mchana, Oktoba 21, 1805. Kipande cha juu cha mlingoti wa galme, ule wa nyuma, kimekatika: hiyo ni saa saba. Nyuma meli ya Kifaransa Achille inawaka moto, jambo la jioni. Mbele Redoutable, nayo ya Kifaransa, inazama, nayo ilizama siku ya pili ikiwa inavutwa kwa kamba. Halafu mlingoti wa omo, ule wa mbele, wenye bendera ya Nelson, unaporomoka. Huo haukuanguka kabisa. Victory ilipoteza wa galme.

Wanaolalamika wana hoja. Kwa baharia, picha ya vita ilikuwa hati. Mchoraji Mholanzi Willem van de Velde, yule baba, alikuwa akiingia na chombo kidogo katikati ya manowari za Waholanzi na Waingereza, akichora papo hapo nani yuko upande wa goshini, unakotoka upepo, na nani wa demani, unakokwenda. Mwaka 1674 mfalme wa Uingereza Charles wa Pili alimwekea yeye na mwanawe pauni 100 kila mmoja kwa mwaka: baba achore vita, mwana atie rangi. Nicholas Pocock naye alikuwa nahodha wa meli za biashara kabla ya kushika brashi, na Juni 1, 1794 alikuwa ndani ya meli ya Pegasus akiandika alichokiona vitani. Ukitaka kujua jinsi meli 27 za Nelson zilivyokuja kwa safu mbili na kuipasua safu ya meli 33 za Ufaransa na Hispania, kwa Turner hutajifunza. Hilo ni pengo la kweli.

Lakini kuna kitu kinachosahauliwa kila mara shitaka hili linaposomwa: moshi.

Sitaha ya chini ya Victory ilikuwa na mizinga 30 ya tufe la ratili 32, yaani 15 kila upande. Ujazo kamili wa baruti ulikuwa kama theluthi ya uzito wa tufe, karibu kilo 4.8. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki hewa inapoungua. Hubaki chembe ngumu, na chembe hizo ndizo ule moshi mweupe mzito. Piga hesabu: mkupuo mmoja wa sitaha moja, upande mmoja, unamwaga zaidi ya kilo 35 za vumbi hewani. Juu yake kuna sitaha nyingine zinazopiga, na pembeni kuna meli nyingine zinazofanya vivyo hivyo. Upepo wa siku ile ulikuwa hafifu, hivyo hapakuwa na cha kuufagia.

Victory na Redoutable zilipogandana, midomo ya mizinga ya chini iligusa ubavu wa adui. Wapiga mizinga walipunguza baruti ili tufe lisitoboe Redoutable likaipiga Temeraire, meli ya Waingereza wenzao, iliyokuwa upande wa pili. Kwa kila mzinga alisimama mtu na ndoo ya maji, na ukishapiga anamwagia palipotoboka, moto usije ukashika meli zote mbili. Mtu huyo aliuona ubao wa mbele yake, basi. Hata madaftari ya safari ya meli za upande mmoja hayakukubaliana saa za matukio.

Sasa ile picha inayoitwa sahihi, yenye kila jarari (kamba ya kupandishia tanga) na kila foromali (boriti ya tanga) mahali pake, imechorwa kutoka wapi? Kutoka mahali ambapo hakuna aliyesimama. Mchoraji ameusogeza moshi ili tuone kamba. Huo nao ni uongo, ila ni uongo unaompendeza baharia kwa sababu unaonyesha ufundi wake. Turner aliunganisha saa na kuuacha moshi. Mimi naona alichagua vema.

Na hakuchanganya ovyo. Zitazame zile bendera. Kitabu cha Popham, kilichotumika kutuma maneno kwa bendera zenye namba, hakikuwa na neno “wajibu” (kwa Kiingereza duty), kwa hiyo ilibidi litamkwe kwa bendera, herufi moja moja, kila moja na namba yake: 4, 21, 19, 24. Turner amechagua neno hilo la mwisho la ujumbe, na ndilo lililokuwa kinywani mwa Nelson alipokuwa akikata roho saa kumi na nusu. Mlingoti wenye bendera yake unaanguka karibu na neno lake. Ratiba imevunjwa, lakini kila kilichovunjwa kina kazi.

Kisha shuka chini ya picha, pale watetezi wa kamba wasipokaa sana. Redoutable ilikuwa na watu 643. Zaidi ya 500 waliuawa au kujeruhiwa. Turner amewajaza majini mbele kabisa, wameng'ang'ania vipande vya milingoti, wengine wanavutwa mashuani, karibu na mtazamaji kuliko bendera yoyote. Mwaka 1829 picha ikapelekwa Greenwich, hospitali walikoishi mabaharia wazee na vilema wa vita hivyohivyo. Kaulimbiu ya Kilatini ya Nelson, isemayo kuti la ushindi alichukue aliyestahili, Turner ameiandika hapo chini, kwenye maji, katikati ya wanaozama.