Gomesi, Mshipi na Bukta ya Kaka Yangu

Kwa kuwa rafiki yangu ameshanitangulia kutangaza yaliyonipata Jumamosi huko Mukono, Uganda, na kwa kuwa habari yake inasema nilitimua mbio hadi kwenye migomba huku nikipiga mayowe, naomba ndugu zangu mnaonifuata hapa mwisikie kutoka kwa mwenye gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda. Sikutimua mbio. Nilitembea kwa hatua ndefu, na mayowe yaliyosikika yalikuwa ya watu wengine.

Wengi wenu mmenizoea kwa mambo ya mavazi. Nimekulia Bombo, katika kambi ya jeshi, ambako baba alitaka watoto wawe wamevaa na kupanga mstari kabla chai haijachemka, na pengine ndiyo sababu sijawahi kuwa mtu wa kusimama mbele ya kabati nikilia kwamba sina cha kuvaa. Nina suruali za bluu iliyokoza, mashati meupe, sketi ya kitenge na koti moja la maana. Nikienda soko la Owino, Kampala, asubuhi wakati mabeli ya mivumba, yaani mitumba, yanafunguliwa, sinunui blauzi, hata iwe nzuri namna gani, ikiwa haiwezi kukaa na angalau vitu vitatu vilivyomo kabatini, na katika kila vazi naruhusu kitu kimoja tu kipige kelele, vingine vyote vinyamaze. Kwa utaratibu huo huweza kuvaa gizani umeme ukiwa umekatika, nikatoka nikiwa nadhifu.

Kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, hata hivyo, haimuulizi mtu mtindo wake. Sisi wa upande wa bwana harusi tuliagizwa gomesi za zambarau, hariri tupu, sote kitambaa kimoja kutoka duka moja la Kiyembe, mtaa wa vitambaa wa Kampala, na mikono yenye mabega yaliyochongoka kwa kipimo kimoja. Mtu aliyejenga jina lake kwa mavazi atajitofautisha vipi katika safu ya wanawake walioshonewa na fundi mmoja? Mshipi peke yake ndio uliobaki huru. Wenzangu waliufunga mahali pake pa siku zote, chini ya kiuno, juu ya nyonga, kwa fundo ambalo ng'ombe wa mahari asingelikata. Mimi niliupandisha kiunoni ili umbo lionekane, nikaumalizia kwa fundo la kipepeo. Dada zangu, nawaambia kwa moyo mweupe kwamba ulipendeza, na picha ninazo.

Wasiojua gomesi wafahamu jambo moja la kiufundi. Vazi hili, lenye jina la fundi wa Kigoa aitwaye Gomes, lina vifungo viwili tu, navyo vipo juu, upande wa kushoto wa ile shingo ya mraba. Kuanzia hapo kwenda chini ni mita kadhaa za kitambaa kilichokunjwa na kupishanishwa mbele, na kinachozuia mikunjo hiyo isiachane ni mshipi, basi. Ndiyo maana wenye busara hufunga kikooyi, kitambaa cha kujizungushia kiunoni, ndani, ili hariri isigande mwilini na ili, likitokea la kutokea, liwepo la kusetiri. Kikooyi changu kilikuwepo. Kilikuwa ndani ya mkoba. Asubuhi nilipanda boda boda, na kwa kuwa hakuna mwanamke anayekaa kwenye boda na kikooyi, gomesi na heshima yake vyote kwa pamoja, niliazima bukta ya kaka yangu niivae ndani kwa safari tu. Kaka ni wa Arsenal. Bukta ni nyeupe, inafika magotini, ina nembo ya mzinga pajani na namba 14 nyekundu, kwa heshima ya Thierry Henry. Nilipanga kubadilisha nikifika, lakini foleni ya barabara ya Jinja ilinifikisha wakati wenzangu wameshapanga mstari langoni, nikatupiwa kikapu na kuambiwa nisogee.

Sasa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo rafiki yangu aliporuka mambo.

Tuliingia tukipiga magoti mmoja baada ya mwingine mbele ya hema la wazee. Kikapu changu kilikuwa na sukari, mchele, sabuni, na nanasi kubwa juu. Nikapiga goti vizuri kabisa, nikasalimu kwa Kiganda changu cha Bombo, nikaitikiwa. Nilipoanza kuinuka niligundua kwamba goti la kulia lilikuwa limekanyaga upindo wa mbele. Mwili ulipanda, kitambaa kikabaki chini. Nikasikia sauti ndogo sana kiunoni, sauti ya hariri ikiteleza juu ya hariri, na nikajua kwamba kipepeo ameruka. Mshipi ulishuka bila haraka yoyote, ukapita nyonga, ukapita magoti, ukajikusanya juu ya viatu vyangu. Kisha ule upande wa gomesi unaokaa juu ya mwenzake, ambao sasa haukuwa na wa kuushika, ukafunguka kama pazia la sebuleni, na upepo wa ziwani ukanipiga magotini.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kikapu. Tafadhalini, kabla hamjanishauri, fikirini ninyi wenyewe: ukiangusha zawadi za wakwe umeharibu posa ya watu, na usipoziangusha unabaki umesimama mbele ya ukoo mzima ukiwa mchezaji wa akiba. Nilichagua posa. Nikashikilia kikapu, nikatazama nanasi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kanzu na koti la kijivu, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena, akasoma namba.

Kutoka nyuma ya hema kijana akapaza sauti, "Arsenal!" Nusu ya hema ikaitikia kwa vifijo. Nusu nyingine, ambao bila shaka ni wa Manchester United, wakazomea, na hao ndio walioniumiza, kwa sababu walizomea timu bila hata kunihurumia mimi. Msemaji wa upande wa bibi harusi akangoja watulie, akainua maikrofoni na kuuliza, "Wakwe zetu, mmekuja kuposa au mmekuja kucheza?"

Yaliyofuata ni ya kawaida. Senga, yaani shangazi, wa bibi harusi alinizungushia shuka kutoka nyuma, nikapokewa kikapu, nikatembea (nasema tena, nikatembea) hadi jikoni, nikafunga kikooyi, nikarudi nikala matoke na nyama kama watu wengine. Posa ilikubaliwa. Mzee wa miwani alinitumia soda, na mtoto aliyeileta alisema imetoka kwa shabiki mwenzangu.

Hadi leo asubuhi watu watatu wa ofisini wameshaniita Kumi na Nne. Kaka naye amepiga simu akitaka bukta yake kabla ya mechi ya wikiendi. Nimemwambia ataipata siku atakapoifuta ile video kwenye kundi la familia, naye amejibu kwamba, kwa masharti hayo, nikae nayo.