Mbuga ya bahari, sawa, lakini ianzie wapi?

Jumamosi moja upande wa samaki pale City Market, Nairobi, mama mmoja alikuwa akiparua changu kutoka Shimoni, kule pwani, magamba yakimrukia hadi kwenye nyusi. Rafiki yangu akanisogezea simu: ombi la mtandaoni linalotaka ulinzi wa mbuga za taifa upanuliwe hadi fukwe zote na baharini. "Weka saini," akaniambia. Yule mama alikuwa ametusikia. Akauliza bila kuinua macho, "Kastoma, na hawa changu mtanitolea wapi?" Nikanunua samaki, saini nikaiahirisha.

Hoja ya wenye ombi si ndogo. Mbuga ya Nairobi, ambayo sisi huiona kupitia dirisha la matatu, ina kilomita za mraba 117. Mbuga zetu nne za bahari, yaani Malindi na Watamu za tangu 1968, Kisite na Mombasa, zikijumlishwa hazifiki nusu yake. Katika maeneo yanayolindwa na serikali, humo ndimo pekee ambamo kuvua kumekatazwa kabisa. Kwenye hifadhi zinazozizunguka, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Tukihesabu mbuga na hifadhi zote bado hatufikishi asilimia 1 ya bahari ya Kenya, ilhali Desemba 2022 kule Montreal mataifa yalikubaliana kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari kufikia 2030.

Tena mbuga hizi zinafanya kazi. Pale Mombasa wavuvi huja na malema yao, mitego ile ya kusukwa, na kuyatega ukingoni mwa mbuga. Samaki hunenepa ndani bila kusumbuliwa, nafasi ikiwabana wanatoka, na aliyetega mpakani ndiye anayewapokea. Watafiti wameyapima hayo, ila mwenye lema aliyajua kabla yao.

Basi mbona watu wa pwani wanaguna wakisikia neno mbuga? Jibu liko kwenye upepo. Kusi ikivuma, tangu Aprili au Mei hadi Septemba, mtumbwi hauvuki mwamba wa matumbawe. Mvuvi anabaki na maji ya ndani, kati ya mwamba na ufuo: hapo ndipo penye tafi, pono na pweza, na ndipo karo ya muhula wa pili inapotoka. Sasa angalia ramani za mbuga. Nyingi zimechorwa hapohapo, kwa sababu matumbawe ni mazuri, maji ni ya kina kifupi na mtalii anafika bila kutapika. Diani ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1995, wavuvi walikataa, ikabaki ya karatasi. Mimi siwalaumu.

Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, walianzia upande mwingine. Wavuvi wenyewe walifunga kipande cha bahari yao, wakakiita tengefu, na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hata hivyo nisiipambe tengefu kupita kiasi. Ni kieneo kidogo, na mvuvi wa bandari ya jirani anaweza kuja usiku asijali mliafikiana nini. Joto nalo halisomi mipaka: mwaka 1998 matumbawe yalipauka na kufa hata ndani ya mbuga zilizolindwa vizuri.

Wala neno mbuga si kufuli. Reli ya SGR inapita juu ya mbuga yetu hapa Nairobi kwa nguzo, na sote tulikuwepo. Huko Lamu, aliyeharibu maeneo ya uvuvi hakuwa mvuvi. Ulikuwa ujenzi wa bandari ya serikali, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Kwa hiyo ombi lile, kwa maoni yangu, limeshika kitu sahihi kwa upande usiofaa. Mwenye ngalawa hawezi kufukuza meli inayokokota nyavu nje ya mwamba. Serikali inaweza, na tangu 2018 ina walinzi wa pwani kwa kazi kama hiyo. Ulinzi mkali wa mbuga uanzie nje ya mwamba. Maji ya ndani wapewe BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, wakiwa na mamlaka ya kumshtaki anayevunja tengefu.

Kuna tatizo ambalo sijalipatia dawa. Kule Lang'ata, kwenye Mbuga ya Nairobi, tunalipa getini kwa sababu tutamwona twiga. Bahari kuu haina geti, haina mtalii wa kupiga selfi, na boti ya doria inakunywa mafuta kila siku. Hazina italipa mwaka wa kwanza, labda na wa pili.

Saini niliiweka wiki iliyofuata. Kwenye nafasi ya maoni nikaandika: anzeni nje ya mwamba.